Nani wa Mwisho?

Bibi niliyekuwa namtunza mtaa wa Beechmont, huku ugenini, alikuwa hali chakula. Kila mchana nilimpelekea sahani kitandani kwa mikono miwili, kisha nikatoka, maana kwetu Kivu Kusini mzee hakodolewi macho akila. Nikirudi, chakula kipo vilevile. Binti yake wa Buffalo alishasema: akizidi kukonda, Jumapili anakuja kumpeleka kwenye nyumba ya wazee. Bibi hakutaka, na mimi nilikuwa nimeshampenda.

Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, tukaelewana vizuri sana. Kitu kimoja tu kilimchangamsha: habari za foleni. Alizaliwa Muungano wa Kisovieti, na miaka ile dola lao kubwa la kikomunisti lilipokuwa linakata roho, maduka yalikuwa matupu. Watu waliingia foleni kwanza, ndipo wakauliza kinauzwa nini. Ukifika unasema, "Nani wa mwisho?" Ukishasimama nyuma yake una jirani, una umbea, hata mume, yeye wake alimpata wakingoja soseji. Kisha nchi ikavunjika vipande kumi na tano, na baada ya taabu nyingi maduka yakajaa.

"Tukaanza kula peke yetu," alisema.

Mimi mjinga nikacheka, nikamwachia sahani, nikatoka.

Jumapili hiyo mpwa wangu alikuwa anaoa na zamu ya kumtunza bibi ilikuwa yangu, nikaenda naye harusini. Ndugu zetu wa Columbus walileta masufuria ya fufu, samaki na sombe, kisamvu chetu. Watu wakajipanga mpaka mlangoni. Dada yangu akamkimbilia bibi na kiti.

"Bon, mama, ukae tu, sahani itakuya."

Kwetu mzee hapangi foleni. Ni aibu ya ukoo mzima. Bibi akakisukuma kiti, akaenda mlangoni, akauliza kwa sauti kubwa, "Nani wa mwisho?" Ukumbi mzima ukacheka. Akasimama humo foleni, yeye na wanawake asiowajua wakisengenya gauni la bibi harusi. Akala sahani nzima, akarudi kwenye foleni. Nililia kwa furaha, na kwa aibu pia, nikikumbuka zile sahani zote za kitandani.

Nilikuwa nimempigia binti yake simu kumwambia tulipo. Akaingia amebeba koti la safari la mama yake, akawapita watu wote. Bibi akamdaka mkono.

"Wa mwisho ni mimi," akasema. "Simama nyuma yangu."

Binti akaliweka koti kwenye kile kiti, akasimama.