Fundi Friji Akataa Kutua

Fundi friji hakuwahi kukanyaga ndani ya ndege, lakini tangu mwezi uanze alikuwa ameshaangusha kumi na nne, zote katika chumba alichokuwa akilala binti yake kabla ya kuolewa mbali. Palipokuwa na kitanda sasa palikuwa na kompyuta ya mtumba yenye mchezo wa kurusha ndege, usukani uliobanwa mezani kwa vibano vya karakana, na pedali mbili chini. Shemeji yake alichungulia, akauliza kama friji za watu zimepona zote. Fundi akamjibu kwamba yuko kazini.

Na kweli alikuwa kazini. Binti yao alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na alimwomba mama yake kitu kimoja tu: awepo. Safari ni ya saa nne angani. Mkewe Fundi, mshonaji asiyeogopa nyoka wala mwenye nyumba, aligoma. Kupaa hakukumtisha, kushuka ndiko kulikommaliza. Mtu kuyaelekeza matani yote yale ardhini kwa makusudi, na watu wazima wamekaa kimya wakingoja, kwake ulikuwa wazimu wenye tiketi.

Fundi akaamua kumzoeza. Kila alasiri mkewe aliketi nyuma yake kwenye kiti cha meza ya chakula, amejifunga kiunoni utepe wa kupimia nguo kama mkanda wa ndege. Hali ya hewa ikiwa shwari, Fundi alitua vizuri. Mkewe akasema hilo hata yeye angeliweza. Anataka kuona upepo.

Hapo balaa likaanza. Upepo wa ubavuni ukivuma, ndege huja upande upande kama kaa, na mwishoni kabisa rubani huinyoosha kwa kukanyaga pedali. Fundi aliwahi mno, au alichelewa. Na ilipoharibika hakuacha. Ni mtu ambaye akipotea njia huendelea mbele mpaka mji uishe, kwa kuwa kugeuza gari ni kukiri kosa. Aliikandamiza chini hivyo hivyo, ikaipita lami, ikaishia majanini.

"Tumekufa tena," mkewe alisema, akifungua utepe. "Chai iko mezani."

Ijumaa binti akapiga simu: daktari anasema mtoto huenda akawahi. Hakumsihi mama yake. Aliuliza tu kama bado anashona. Simu ilipokatika, mama mtu akaenda mwenyewe kwenye kiti cha nyuma, akajifunga. Fundi akataka kuupunguza upepo.

"Uache."

Ndege ikashuka ikiyumba. Taa za uwanja zikaja, zikapotea pembeni, zikarudi. Fundi alisikia pumzi za mkewe shingoni. Upepo ukalipiga bawa karibu kabisa na lami, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote, ukaanza kukandamiza. Kisha akamkumbuka aliye nyuma. Akazipa injini nguvu zote, akavuta usukani, na uwanja ukapita chini yao mtupu.

"Umefanyaje?"

"Nimekataa. Haikukaa vizuri. Tunazunguka, tuje upya."

"Kumbe inaruhusiwa?"

"Hata mara tatu. Ikishindikana, unakwenda uwanja mwingine."

Mkewe akamwekea mkono begani. "Wewe," alisema taratibu, "wewe umegeuza. Basi hao waliosomea urubani hawatashindwa. Nikatie tiketi ya Jumatatu."

Kwenye kioo cha kompyuta ndege iliendelea kuzunguka bila mtu. Rubani alikuwa chumba cha pili, amekalia sanduku la mkewe ili zipu ifungike.