Samaki Arobaini wa Bwawa la Nne

Jamani, mimi ndiye yule dada wa mabwawa ya majitaka mliyemsikia. Nimekana sana, sokoni Mkuyuni nimekana, kanisani nimekana (Mungu anisamehe), hata kwa mama mkwe wangu kule Nansio nilisema huyo ni mwenzangu wa zamu nyingine, lakini nimechoka kukana, na kwa kuwa kila mtu anausimulia mkasa huu anavyotaka, mara samaki walikuwa mia tano, mara nilikuwa nafuga kwa siri nikauza, basi acheni nisimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na ninaijua kuliko ninyi wote.

Nafanya kazi kwenye kituo cha kusafishia majitaka, nje kidogo ya mji. Msifikirie mitambo mikubwa, ni mabwawa manne yaliyochimbwa kwa kufuata mteremko. Maji ya vyooni na majikoni yanaingia la kwanza (hilo silielezi, huenda kuna mtu anakula), yanatulia, yanashuka la pili, la tatu, jua na vijidudu vinafanya kazi yake, na yakifika la nne yamekuwa ya kijani na hayanuki, ndipo yanatoka kwa bomba kwenda kwenye kijito na mwishowe ziwani. Bwawa la nne ni langu. Kila asubuhi nalipima, kisha naandika kwenye daftari la kituo: rangi, harufu, oksijeni iliyomo majini, kilichoingizwa, kilichotolewa.

Sasa, maji hayaendi ziwani hivi hivi, lazima kituo kiwe na kibali cha serikali, na chetu kilikuwa kinaisha. Mwaka uliotangulia wakaguzi wa mazingira walituandikia barua kali kwa sababu ya harufu, maana sheria haiangalii maji peke yake, hata hewa wanayovuta majirani imo, na wakamaliza kwa kusema tukikutwa na kosa jingine kibali hakitolewi na msimamizi atajibu yeye mwenyewe. Msimamizi alikuwa Mzee Bujiku, amebakiza miezi mitatu astaafu, mtu aliyenitoa kwenye ufagio akanifundisha kupima maji, na ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mwaka mzima tulihangaika naye, tukatoa tope la miaka, tukapanda miti upande wa majirani, tukaziba mifereji, mpaka harufu ikaisha. Siku moja akaniambia, “Kabula, mimi nataka niondoke hapa kibali kikiwa ukutani. Sherehe wala zawadi sihitaji, kile kikaratasi tu.”

Yaani aliponiambia vile ndipo nikaanza kuharibu.

Ukaguzi ulipangwa Alhamisi, na safari hii mwenyekiti wa mtaa na majirani walialikwa, kwa kuwa wao ndio waliolalamikia harufu. Nikawaza: hawa watakuja, watakuta maji ya kijani kama mlenda, watasema ni uchafu. Mimi najua ile kijani ndiyo afya ya bwawa, lakini wao nitawaelezaje? Nikakumbuka semina moja ambako jamaa wa kituo cha mji mwingine alitutambia kwamba bwawa lake la mwisho lina samaki, eti wakaguzi walipoona sato wanaruka walifunga madaftari wakaomba chai. Bwawa langu halikuwa na samaki hata mmoja. Nikajisemea, Kabula, unaishi Mwanza, unakosaje samaki?

Jumatano mchana nikamfuata Magesa, kijana wa watu anayefuga sato kwenye vizimba ziwani, nikamwomba arobaini walio hai. Nikamdanganya ni wa dada yangu, kachimba bwawa Usagara.

“Maji ya dada yako yakoje?” akaniuliza.

“Mazuri.”

“Yanapata hewa? Hawa wangu wamezoea maji ya ziwa yanayotembea, dada. Ukiwaweka pabaya hawafiki asubuhi.”

Nikamwambia kwa jeuri kwamba mambo ya maji ananifundisha mimi, mimi ambaye maji ndiyo kazi yangu! Akanijazia mapipa mawili. Nikayapakia kwenye bajaji, na saa kumi na moja jioni, Mzee akiwa ameshaondoka, nikawamwaga. Wakazama vizuri, mmoja akarusha mkia, nikampiga na picha. Nikaingia ofisini kufunga daftari, na pale palipoandikwa “Kilichoingizwa bwawani leo” nikaandika “Hakuna”, nikaenda zangu nyumbani.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu nikafika, na jambo la kwanza kuliona ni makorongo. Wale wakubwa, wenye vipara na mfuko shingoni, wamepanga mstari ukingoni mwa bwawa langu, wametulia kabisa, wanasubiri. Mayuu! Nikakimbia. Maji yote meupe kwa matumbo ya sato, na waliobaki hai walikuwa juu juu wanapanua midomo wakitafuta hewa. Usiku ile kijani haitengenezi oksijeni, inaitumia, na alfajiri inakuwa imebaki kidogo sana. Na mimi hilo ninalijua! Ndilo ninalopima kila asubuhi ya Mungu kwa miaka sita! (Mnaweza kucheka, mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.)

Nikachukua ule wavu wa mti mrefu tunaotolea takataka, nikaanza kuwavua, natupia kwenye ndoo kubwa, huku nafukuza makorongo kwa kandambili. Nilikuwa nimeshapata kama ishirini na kitu nikasikia gari getini. Wakaguzi! Walisema saa tatu, wamekuja saa moja na nusu, na majirani wakaona gari wakafuata nyuma. Nikavua koti langu jeupe la kazi, nikaifunika ndoo, nikaisukuma nyuma ya kichaka, nikajipangusa uso na kwenda kuamkia watu.

Mkaguzi mkuu alikuwa mama mtu mzima, Bi. Nyangeta, mtu wa Mara, ana miwani na buti za mpira alizokuja nazo mwenyewe. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu, mbona umelowa?” Nikasema nilikuwa nasafisha. Mzee Bujiku, aliyeingia getini pamoja nao, alikuwa amevaa suti, ile ya harusi ya binti yake, akawatembeza bwawa la kwanza, la pili, la tatu, na majirani wanavuta hewa, wanatikisa vichwa, mama mmoja akasema kweli siku hizi hata nguo tunaanika, na nilimwona Mzee anatabasamu kidogo kidogo. Tukafika la nne. Kwa dakika kama tatu mambo yalikuwa mazuri kabisa.

Kisha samaki mmoja akaibuka, tumbo juu, taratibu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nikakohoa. Akaibuka wa pili. Nikaanza kueleza kwa sauti kubwa habari za miti tuliyopanda, nanyoosha mkono kule kwenye miti ili watu wageuke, nao wakageuka kweli, lakini wakageukia upande wa kichaka, na kutoka kwenye kile kichaka akatoka korongo anavuta koti langu jeupe, jina langu limeandikwa kifuani, ndoo imepinduka, na sato wanamwagika kwenye mteremko mmoja mmoja mpaka kwenye viatu vya wageni.

Wakasema wote kwa pamoja.

“Maji yanaua samaki!” mwenyekiti akapiga kelele. “Na haya ndiyo yanakwenda ziwani! Watoto wetu wanaoga kule!”

“Kumbe walikuwa wanawaficha!”

“Usikute ndio hawa tunauziwa sokoni!”

Simu zikatoka, watu wanapiga picha, ndoo, koti, mimi. Bi. Nyangeta akanyoosha mkono, wakatulia. Akasema kwamba samaki kufa kwenye maji yanayokwenda ziwani ni jambo ambalo sheria hailichezei, kwamba koki kubwa ya lile bomba la kutokea ifungwe sasa hivi, kibali kisubiri, na anataka daftari la kituo. Mzee mwenyewe akaenda kulileta. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa jana.

“Jana kuna kitu kiliingizwa bwawani?” mama akauliza.

Mzee akasoma, “Hakuna.” Akautazama ule mwandiko. Akanitazama mimi. Jamani, sijui niseme vipi, aliutazama ule mwandiko aliounyoosha yeye, maana nilipofika pale nilikuwa naandika kama kuku amekanyaga wino, kisha akafunga daftari na kusema, “Mheshimiwa, kituo ni changu. Kama kuna kosa, andika jina langu.”

Na yule mama akafungua kalamu.

Naapa nilitaka kunyamaza. Msinione mwema. Nilifikiria kazi yangu, nilifikiria watoto, nilifikiria hata kukimbia kupitia kichaka kile kile. Lakini ile kalamu ilipogusa karatasi nikasikia mtu anapiga kelele “Ni mimi!”, na huyo mtu alikuwa mimi. Nikasema yote pale pale, Magesa, bajaji, mapipa, Usagara, dada ambaye hata sina (nina kaka watupu), na kwamba niliandika uongo kwenye daftari na Mzee hajui lolote.

Kisha mwenyekiti wa mtaa, kwa upole kabisa, kama anayeuliza mgonjwa, akasema, “Sasa mama, hao samaki ulitaka waje wafanye nini?”

“Waonekane,” nikasema.

Wakaanguka kicheko! Kuna mama alikaa chini kabisa. Nami nikiwa nadhani basi, yameisha, Bi. Nyangeta akasema hakuna hata mmoja wa samaki hao anayeruhusiwa kuliwa na mtu, kwa hiyo lazima nionyeshe wote arobaini na wafukiwe. Basi nikaingizwa kwenye kile kimtumbwi tunachoondolea povu, nikaanza kuzunguka bwawa la kinyesi cha mji mzima nikiokota sato, na kila nikitupa mmoja ukingoni majirani, wakianzia na wale wa ndoo, wanahesabu kwa sauti moja kama mnada wa ng'ombe. “Ishirini na nane! Ishirini na tisa!” Nikipitwa na mmoja wananielekeza, “Kushoto, dada! Nyuma yako!” Tulifika thelathini na sita. Wawili waliliwa na makorongo mbele ya mashahidi. Wawili hawakuonekana, na kwenye taarifa imeandikwa hivyo hivyo, wawili hawajulikani walipo.

Nilipotoka nikiwa nimelowa mpaka kiunoni, Bi. Nyangeta alinisogelea tukiwa peke yetu. “Nimekulia Musoma kwa wavuvi,” akasema. “Samaki waliozaliwa bwawani kuna wadogo na wakubwa. Wako wote ni saizi moja, kama wamekatwa kwa rula. Nilijua tangu wa pili kwamba ni wa vizimba.”

“Sasa mama, mbona ulitaka kumwandika Mzee?”

“Nilikuwa nasubiri mtu aseme,” akajibu, akanipa kitambaa nijifute.

Akachukua maji kwenye chupa zake, akaweka kwenye boksi la barafu, wakaondoka. Majirani nao wakaondoka wakicheka, na lazima niwe mkweli, walikuwa hawana hasira tena. Nikabaki na Mzee Bujiku. Nilitaka anigombeze, nilikuwa nimejiandaa. Alikuwa amekunja suruali ya suti, anachimba shimo pamoja nami, na tulipomaliza kufukia akaegemea jembe na kusema, “Mwaka mzima tumeyahangaikia maji haya, Kabula. Ulidhani hayatoshi?”

Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia kwa ajili ya aibu. Kwa sababu ndivyo nilivyodhani, kweli. Kazi niliifanya kwa mikono yangu na bado sikuiamini, nikaenda kukodi mashahidi.

Wiki mbili tulisubiri majibu ya maabara, na wiki hizo mbili Mzee hakuzungumzia kustaafu hata mara moja. Majibu yakaja: maji yalikuwa ndani ya viwango, yote, bila samaki yeyote kuyasaidia. Mimi nikapewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo, na kibali kikatoka. Mzee alikitundika mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili kukiangalia, akanyoosha fremu, akaenda zake nyumbani kwa amani.

Ila kibali kile kina masharti kumi na moja. Kumi ni ya vituo vyote nchini. La kumi na moja linasema hivi: mwendeshaji haruhusiwi kuingiza kiumbe hai chochote bwawani kwa lengo la kupendezesha. Hilo halipo kwingine kokote, nimeulizia. Siku hizi naandika kila kitu, kandambili ikidondoka naandika, chura akiruka mwenyewe namwandika na saa aliyoruka, na nimeapa kwamba mkaguzi akija atakuta maji kama yalivyo, yawe ya kijani, yawe ya njano, tutaongea hapo hapo.

Mwaka huu alikuja mkaguzi mpya, kijana mwenye haraka, akasimama mbele ya kibali akasoma mpaka chini. Akasoma tena. Akageuka, kalamu mkononi, akauliza hili la kumi na moja lilitokana na nini, na msimamizi wetu mpya, ambaye hakuwepo enzi hizo, akasema hajui, labda ni la zamani.

Nikavuta kiti. “Ni mimi, mkuu,” nikasema. “Kaa nikueleze.”