Divai ya Rioja na Washenga wa Mutuka

Kwa desturi ya ukoo wa marehemu Sosthenes, mjane hakai na washenga. Hukaa jikoni, na shemeji yake husema kwa niaba ya nyumba. Ndiyo maana Mwalimu Mektilda, aliyefundisha sekondari maisha yake yote na kuwakabili wakaguzi bila kutetemeka, alikuwa kwenye kigoda cha jikoni, nyumbani kwake mwenyewe Bagara, akigeuza mbavu za mbuzi juu ya mkaa huku ametega sikio.

Washenga walitoka Mutuka kumposa Veronica, mwanawe wa pekee, kwa ajili ya kijana aitwaye Edward. Mektilda alitaka waone kwamba kifo hakikuivua nyumba ile heshima yake. Akatoa divai nyekundu ya Hispania, zawadi ya Sista Pilar, mtawa aliyefundisha naye kabla hajarudi kwao. Sista alimweleza kwamba divai ya Rioja haina utamu wa sukari, tena hukaza ulimi. Inataka nyama yenye mafuta, mbuzi wa kuchoma, au jibini gumu. Samaki, hapana, mdomo utaonja chuma.

“Shemeji, chupa isiguswe mpaka mbavu ziingie,” alimwambia Aniceti, mdogo wa marehemu.

“Mwalimu, mimi si darasa la kwanza. Kumimina najua.”

Lakini Aniceti alipenda kujionyesha. Perege wa ziwani walipofika mezani tu, akamimina.

Wageni wakaonja. Kisha mzee Romani, kiongozi wa washenga, akakohoa.

“Mwenyeji, kinywaji chenu kimechacha.”

“Ni cha Ulaya, baba.”

“Kwani Ulaya vitu havichachi?” Bilauri ikagonga meza. “Kwetu, mshenga akipewa kinywaji kilichoharibika, ameambiwa arudi alikotoka. Kama binti hatolewi, mngesema kwa mdomo. Wenzangu, chukueni fimbo zenu.”

Aniceti akababaika, akaigeuza chupa kutafuta maandishi ya kuwaonyesha.

Mektilda alisimama na sinia la mbavu mkononi. Akikaa kimya tu, wageni wataondoka na lawama itamwangukia Aniceti. Veronica atabaki. Viatu vyake vitabaki mlangoni, na kila jioni kutakuwa na mtu wa kuuliza, “Mama, umekula?” Tangu Sosthenes azikwe, hakuna mwingine aliyemuuliza hivyo.

Chumbani, Veronica alikuwa akilia kwa kujiziba mdomo na kanga. Mama yake alimsikia. Akausukuma mlango wa ukumbi kwa bega.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mama Vero, hapa ni pa wanaume.”

“Najua. Nikishaonja nitarudi jikoni.” Akaichukua bilauri ya mzee, akanywa mbele yake kama mwenyeji anayeonja kwanza kuondoa shaka ya sumu. “Haijachacha. Ndivyo ilivyo, inangoja mafuta. Weka samaki pembeni, utafune ubavu huu, halafu unywe.”

Mzee akatafuna. Akanywa. Akatafuna tena, polepole.

“Kumbe ilikuwa inamngoja mbuzi!” Akamgeukia Aniceti. “Na wewe umeileta ukweni kabla ya mshenga wake.”

Ukumbi mzima ukacheka, na fimbo zikarudi ukutani.

Walipoagana, harusi ilikuwa imepangwa baada ya mavuno.

“Umeingia kwa wazee, shemeji,” Aniceti alinong’ona mlangoni. “Watu watasema.”

“Wataanza na wewe na samaki wako.”

Uani, Veronica alikuwa akimsimulia Edward kwa simu, akicheka kicheko ambacho mama yake hakuwahi kukisikia. Mektilda akakaa kwenye kiti cha mzee Romani, akavuta sahani ya mbavu zilizobaki. Mafuta yalianza kuganda. Alitafuna, akanywa funda moja. Sista hakukosea. Alitaka kumwita binti aje aonje, akaona bora amwache azoee kuongea na mwenzake. Akala peke yake, taratibu, kwa kuwa hakuwa na haraka ya chochote.