Anajua Kiaislandi, Wanamjibu kwa Kiingereza

Saa moja asubuhi, na samaki wa kwanza wanateremka kwenye meza ya taa. Danguolė Vaitkienė, mwenye umri wa miaka 49, anainama na kuulaza mnofu juu ya kioo chenye mwanga. Kisu chake kinauchomoa mnyoo mwembamba uliojikunja ndani ya nyama. Anausukuma mnofu mbele, anachukua mwingine.

Msimamizi wa zamu, Bjarki, anapita na kumwambia jambo kwa Kiingereza. Danguolė anamuuliza kwa Kiaislandi kama ahamie meza hii au ile ya dirishani. Bjarki anajibu kwa Kiingereza tena, polepole, akipaza sauti kana kwamba anasema na kiziwi.

Danguolė hajui Kiingereza. Alikulia Šiauliai, Lithuania, na shuleni alifundishwa Kirusi.

“Mwaka wa kumi na moja huu nipo hapa,” anasema baadaye katika chumba cha kahawa cha kiwanda cha samaki. “Nimejifunza lugha yao, wananijibu kwa lugha ya watu wengine. Wewe ungefanyaje?”

Hapa Kaldavík, kijiji nchini Aislandi, mtu akisikika na lafudhi iliyoyumba kidogo tu, wenyeji wanabadili lugha papo hapo, na wanauita ukarimu. Ukarimu gani huo? Ni kumfungia mgeni mlango huku unatabasamu. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Huyu anaijua, na bado haambiwi.

Darasa la lugha lipo, tena la bure. Liko mji wa pili, ng’ambo ya mlima, na linaanza saa kumi na moja jioni, dakika ileile anayovua aproni. Mwaka wa kwanza alijaribu kulifuata. Theluji ilifunga barabara wiki sita, na aliporudi jina lake lilikuwa limefutwa.

Basi akahamia bwawa la maji moto. Kila jioni nusu ya kijiji hukaa humo, maji shingoni, na kuongea: bei ya samaki, magonjwa, nani kagombana na nani juu ya shamba la marehemu baba yao. Danguolė alijibanza pembeni, akatulia kama maji ya mtungi.

“Nikifungua mdomo, wote wanahamia Kiingereza,” anasema. “Nikinyamaza, wanaendelea. Kwa hiyo nilinyamaza majira manne ya baridi.”

Nyumbani aliandika. Madaftari yake hayana tafsiri hata moja. Kando ya kila neno kuna aliyelisema, alikuwa akisema habari ya nini, na uso wake ulikuwaje. Neno halitoki mdomoni mwake mpaka alisikie mahali patatu.

Ukurasa mmoja una neno ambalo kwa Kiswahili ni ukaidi. Kwanza lilisemwa juu ya kondoo dume aliyegoma kuteremka mlimani wakati wa kukusanya mifugo, Septemba. Akafikiri ni neno la kondoo. Mara ya pili lilimhusu mume asiyetaka kwenda kwa daktari, na msemaji alikuwa na hasira. Mara ya tatu bibi mmoja alilisema juu ya mjukuu wake, akicheka kwa fahari.

“Hapo ndipo nikajua lina pande mbili,” anasema. “Mtoto angelidaka tu. Mimi mtu mzima lazima nilizungukie kama ninayenunua ng’ombe.”

Bibi huyo ni Steinvör Atladóttir, mwenye miaka 71, ambaye kwa muda mrefu alifanya kazi ya kutia chambo kwenye kamba za kuvulia. Yeye naye Kiingereza hakijui. Anasema alimdhania Danguolė bubu, kisha akamdhania ana maringo.

“Siku moja nikamwambia, wewe bibie, kama una ulimi utumie, maji haya hayatozi kodi. Akanijibu sentensi nzima, imenyooka. Nikaona aibu. Miaka minne tunaoga naye, hakuna aliyemuuliza hata jina.”

Yaliyomkuta Februari ndiyo yanayochemsha damu. Kiwanda kilitangaza nafasi ya kiongozi wa meza, yenye nyongeza ya krona 360 kwa saa. Kati ya wafanyakazi 41, wageni ni 29, kutoka nchi saba, na lugha inayowaunganisha mezani ni Kiaislandi chao cha kuungaunga. Wakikwama, wanamfuata Danguolė. Aliomba.

Meneja, Hjalti, alimhoji kwa Kiingereza. Danguolė alimwomba kwa Kiaislandi abadilishe. Hjalti alitabasamu na kuendelea. Kisha akamgeukia karani na kusema, kwa Kiaislandi, mbele ya mwombaji: “Mama mzuri, mchapakazi. Ila hana lugha.”

Danguolė alielewa kila neno.

“Nilizoea kunyamaza ili wasiache kuongea,” anasema. “Nikanyamaza hata pale. Nimemkasirikia yeye, lakini mimi mwenyewe nimejikasirikia zaidi. Nilijifunza maneno kwa kujificha, sasa wanasema sina.”

Nafasi alipewa mtu mwenye miaka miwili kiwandani, anayejua Kiingereza, kwa majaribio hadi Mei. Alipoulizwa na mwandishi, Hjalti alisema kiwanda huwarahisishia wageni mambo kwa heshima. Hakueleza ni wapi heshima hiyo ilimrahisishia Danguolė.

Machi alimwandikia meneja barua ya Kiaislandi, kurasa mbili, akitaka usaili urudiwe. Steinvör aliisoma akarekebisha mahali pawili tu. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Lilikuwa la Kiingereza.

Danguolė alilirudisha ofisini kwa mkono wake, mchana, wafanyakazi wakitazama. Juu yake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: “Sijaelewa. Naomba niandikiwe kwa lugha ya nchi hii.”

Jibu la pili lilikuja kwa Kiaislandi. Usaili ni Jumatano, na mtu wa chama cha wafanyakazi atakuwepo. Danguolė amekwisha kupanga: akipata nafasi, kila zamu itaanza kwa dakika kumi za maneno ya mezani, samaki mkononi, na kila mmoja atasema kwa sauti, hata akikosea.

Na asipoipata?

“Akitaka kuninyima, aninyime kwa Kiaislandi,” anasema. “Safari hii nitamjibu.”