Mkulima wa Golbanti na Mtamba Wake

Nakumbuka siku moja Komora alifika bomani kwetu, kwenye mbuga za nje ya Garsen, akivuta mtamba kwa kamba. Wanawake waliacha kukamua ili wamtazame. Ng'ombe wetu huswagwa kutoka nyuma, mwanangu, havutwi kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Mtamba alikuwa amegoma. Komora alikuwa amevaa kikoi kipya na kushika fimbo ambayo ilionekana wazi hajui aiweke bega gani.

Alikuwa kijana wa Kipokomo kutoka Golbanti, mkulima wa mpunga na ndizi, mtoto wa mama mjane aliyekuwa akiimba kanisani. Mimi nilikuwa msichana wa Kiorma. Tulijuana kwenye njia inayopita katikati ya mashamba kwenda Mto Tana, ile tunayoiita malka, ambako wafugaji wetu hunywesha ng'ombe wakati wa kiangazi. Alikuwa ameshamwambia baba yangu kwamba anataka kunioa. Baba alimjibu kwamba binti wa Kiislamu huolewa na Mwislamu, na kama moyo wake unamtuma huko kweli, aje azungumze na maalim. Basi siku ile alikuja, nami nikakaa nyuma ya pazia nikimwomba Mungu wasimkatae.

Aliyekuwa haitaki ndoa hiyo ni ami yangu, mdogo wake baba. Komora hajaketi vizuri, ami akaanza kumtania kwamba mtu aliyekuzwa kwa samaki akinywa maziwa yetu tumbo litamuuma. Watu walicheka, na Komora akacheka nao ili asionekane mnyonge.

Maalim alikuwa mzee mpole aliyetufundisha Kurani sisi sote. Hakuuliza habari za mahari wala ukoo. Aliuliza shamba analipanda nani, kwa kuwa mto ulikuwa umerudi ndani ya kingo zake siku zilezile, na udongo wa mafuriko ukishakauka haupandiki tena.

"Nimeliacha, maalim," Komora alisema. "Mtumbwi nimeuuza nikapata huyu mtamba. Nataka niwe Mwislamu kamili."

"Na mama yako?"

"Yuko huko Golbanti. Yeye ni wa dini ya jembe."

Ami alisema kijana ameanza kuelewa. Maalim hakucheka. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona baba akiinamisha kichwa, maana kosa lile si la Komora peke yake. Sisi watu wa Tana tulikuwa tumezoea kusema hivyo: Uislamu ni wa watu wa ng'ombe, Ukristo ni wa watu wa mashamba, kana kwamba Mungu aligawa imani kwa kuangalia nani anakula nini.

Ndipo maalim akaeleza tangu mwanzo, naye hakumtazama Komora tu, aliwatazama wote. Alisema Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alizaliwa Makka, mji wa wafanyabiashara, akakua yatima. Ujanani alichunga kondoo na mbuzi, baadaye akafanya biashara. Alipofika umri wa miaka arobaini, katika pango la Hira, malaika Jibrili alimletea wahyi wa kwanza, akaamriwa asome. Wa kwanza kumwamini alikuwa mke wake, Khadija. Watu wa Makka walipomtesa alihamia Madina, na wenyeji waliompokea huko wengi wao walikuwa wakulima wa mitende.

"Watu wa jembe," maalim alisema, sasa akimgeukia ami, "ndio waliompa Mtume mahali pa kukaa. Wewe unataka kuwatoa kwenye dini?"

Ami alijikuna ndevu.

Kisha maalim alimwambia Komora kwamba anachotakiwa kuamini ni Mungu mmoja asiye na mshirika, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, akina Ibrahim na Musa na Isa mpaka Muhammad aliye wa mwisho, Siku ya Kiyama, na kwamba heri na shari zote ziko katika kadari ya Mungu. Anachotakiwa kufanya, baada ya kutamka shahada, ni kuswali mara tano kwa siku, kutoa zaka, kufunga Ramadhani, na kuhiji akiwa na uwezo. Ng'ombe wana zaka yao na mpunga una zaka yake. Hakuna aliyeambiwa abadilishe kazi. Ama mama, Kurani inaamuru wazazi watendewe wema hata kama hawako katika dini yako.

Halafu akamuuliza swali lililonifanya niishike nguzo ya nyumba.

"Binti huyu akikukataa leo, kesho utaswali?"

Komora aliilaza fimbo yake chini. "Nitaswali," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, na mara hiyo hakuna aliyecheka.

Maalim akasema kumwamini Mungu hakungoji msimu. Komora alitamka shahada palepale, baba akiwa shahidi. Harusi ndiyo ingengoja. Aliambiwa arudi Golbanti alfajiri inayofuata, apande pamoja na mama yake, na tukutane baada ya mavuno.

Miezi ile nilikonda. Ami alisema mkulima akishaliona tope lake hatarudi. Wachungaji wetu waliotoka mtoni walileta habari kwamba anaonekana akiswali kandokando ya shamba, lakini kuhusu mimi hawakuwa na neno.

Baada ya mavuno alirudi, na mama yake alikuwa pamoja naye. Yule mama hakungoja kukaribishwa kiti. Alimshika baba mkono akasema, "Nilidhani dini yenu imenichukulia mtoto. Kumbe ndiyo imemrudisha nyumbani."

Ami ndiye aliyekwenda kumletea yule mama maziwa, na ndoa yetu ikafungwa.

Mwanangu, bado nawasikia vijana wa Garsen wakigawana Mungu kwa makabila. Usiwafuate. Ijue dini yako ilianza wapi na inakutaka uamini nini, ndipo utajua lipi ni la Mungu na lipi ni mazoea yetu tu. Na yeyote atakayekuambia imani inakutaka umtupe mama yako, muulize amelisoma wapi. Mola akuongoze katika swala yako na katika kazi ya mikono yako, na akujaalie jirani atakayefurahi kukuona unapokuja. Amina.