Maharage Niliyoyaosha

Mbegu nilizopeleka kubarikiwa mwaka ule zilikuwa zimekufa, na aliyeziua ni mimi. Naungama sasa kwa sababu padri aliyezibariki ameshatangulia mbele ya haki.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Kila mwaka mvua ya kwanza ilipokaribia kushuka kutoka milimani, Uvira nzima ilipeleka mbegu misioni. Watu wa Makobola walifika mapema, wa Lubarika na Mutarule walichelewa na kusingizia barabara. Tuliimba Kilatini ambacho hakuna aliyekijua, kwa sauti kubwa, na pombe ya ndizi ilingoja nje ya uzio kwa adabu mpaka padri amalize. Yalibarikiwa mahindi, maharage na mtama. Pamba peke yake haikuletwa. Pamba tulilimishwa na serikali kwa nguvu, na hatukuona sababu ya kumsumbua Mungu kwa ajili yake.

Nilikuwa nimeolewa miezi mitano, nikiishi kwenye nyumba ya mume wangu na kupika kwenye jiko la mama yake. Ndiyo ilikuwa desturi ya ukoo wao: mukazana, yaani mke wa mtoto wao, hapewi mafiga yake mpaka mbegu alizozipeleka kubarikiwa ziote. Anazipanda mstari mmoja kando ya njia, na siku ya kumi wanawake wa ukoo wanakuja kuangalia. Zikiota, mama mkwe anamletea mawe matatu ya kuinjikia chungu. Zisipoota, anangoja mwaka mwingine.

Mwaka mwingine! Mama mkwe wangu alikuwa anaonja mboga yangu kabla sijaitia chumvi, halafu analalamika kwamba haina chumvi. Nikipika ndagala, wale dagaa wa ziwani, alifungua milango yote, hata wa kuku. Niliyataka mafiga yale kuliko nilivyoutaka uzima wa milele, na masista walikuwa wamenieleza uzima wa milele vizuri sana.

Jioni ya kuamkia sikukuu alinipa kikapu cha maharage ya manjano, yamejaa majivu. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa Makobola. Kwetu kitu cha kumpelekea mkubwa kinaoshwa kwanza, na masista nao walitufundisha kwamba uchafu haukaribii altare. Sikujua kwamba majivu yale ndiyo yanayozuia wadudu. Niliona mama mkwe anataka kuniaibisha mbele ya watu, basi nikayaloweka maharage mpaka asubuhi. Yakavimba. Nikayakausha juu ya bati lenye moto chini, kisha nikayapaka mawese kidogo ili yang'ae.

Yaling'aa kweli. Katikati ya vikapu vya majivu, changu kilikuwa kama kichwa cha katekista siku ya Pasaka. Padri alikirushia maji ya baraka mara mbili. Mama mkwe alikitazama, akanitazama, akaendelea kuimba Kilatini chake. Nilifurahi kwamba nimemshinda.

Jumatatu nilipanda. Maharage machache yaliyobaki nilikuwa nimeyafunga kwenye kitambaa chenye maji, niyaone yakichipua. Jumatano nilifungua, harufu ikanitoa machozi. Nikakaa chini nikalia hasa. Baraka nilikuwa nayo, na maji yake mara mbili, ila kwa mbegu iliyokaangwa haikufaa kitu.

Nilipomaliza kulia niliiba. Alhamisi saa sita mchana, watu wakiwa sokoni, nilichota maharage meusi kwenye chungu cha mama mkwe, nikaenda shambani nikayafukia kwa kidole kando ya kila shimo. Niliona udongo wa mstari wangu umechimbuliwachimbuliwa, nikawalaani kanga wa jirani mpaka kizazi cha tatu.

Siku ya kumi wanawake wa ukoo walikuja, sita, wamefunga mikono kifuani. Mstari ulikuwa umeota, tena umeota kupita kiasi. Kila shimo lilikuwa na miche pande mbili. Upande mmoja ilikuwa midogo, mashina ya zambarau. Hayo ni maharage meusi, ninayajua, mwizi ni mimi. Upande wa pili ilikuwa mirefu zaidi, mashina ya kijani kabisa, kama yanavyoota maharage meupe. Mimi sikupanda jeupe hata moja.

Shangazi wa mume wangu alipiga magoti. “Yesu Maria! Moja imezaa mbili!”

Habari zilifika misioni kabla yetu. Jumapili padri alihubiri juu ya imani ya mwanamke kijana, nami nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Lakini siku ile ya kumi, wanawake walipoondoka, mama mkwe alibaki nami kwenye mstari.

“Mama,” nikasema, “minye sijui vile...”

“Nyamaza. Kutoka misioni niliona mbegu yako inang'aa sawa sambusa. Minye nilipanda ingine Jumanne, weye ukiwa ku maji.” Akainama akaushika mche wa zambarau. “Na hii nyeusi ni ya mu chungu yangu. Kumbe weye pia iko na akili kidogo.”

Nilimuuliza kwa nini alinisaidia.

“Unazania ni weye peke yako ulikuwa unataka utoke mu jiko yangu? Mwaka muzima ingine na ile ndagala yako? Hapana, mutoto wangu.”

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, naye akacheka, mara ya kwanza tangu niolewe.

Mchana ule ule aliniletea mafiga, moja moja, kichwani. Mawili yalikuwa ya mtoni, mapya. La tatu lilikuwa jeusi kwa masizi, na sikulifikiria sana, nilikuwa na haraka ya kuwasha moto wangu. Nilipika ndagala. Nikampelekea sahani, nikamkuta ameinama jikoni kwake, akisawazisha chungu juu ya mafiga mawili na tofali la misioni.