Funga au Fungua

Mkaguzi wa programu katika kampuni ya lifti alikuwa mwanamke wa kunusa maziwa hata yakiwa yametoka dukani sasa hivi. Akifunga mlango wa nyumbani huuvuta mara tatu, kisha hurudi kutoka getini kuuvuta mara ya nne. Mumewe alimtania kwamba angekuwa na nafasi angeikagua hata pete ya ndoa kila asubuhi. Maskini, hakujua kwamba huikagua.

Basi alipoletewa programu ya milango, iliyoandikwa kwa lugha ya C na jirani yake wa meza ambaye ofisi nzima humwita Mkato, machale yalimcheza. Mistari mia nne! Kazi ya mistari elfu mbili hiyo. Mkato alikuwa ameibana kwa makro, yaani vijina vifupi ambavyo kompyuta huvifumua kuwa maagizo marefu kabla ya kuanza kazi. MLG. SMM. FNG. Irabu zote amezifyeka kama magugu.

Sahihi ya mkaguzi ilitakiwa kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo programu ingeingia kwenye lifti za jengo ambamo mama yake anaishi ghorofa ya saba, na magoti ya mama yake yalishakataa ngazi.

"Kaka, hii FNG ni nini?"

"Ah, dada, mbona iko wazi! Neno moja badala ya mistari kumi na miwili. Msomaji hachoki."

"Sijakuuliza habari za uchovu. Ni funga au fungua?"

Mkato akacheka, akajikuna shingo. "Inategemea faili."

Inategemea! Tangu lini mlango ukategemea? Jamaa huyu, akajiambia, anaandika mafumbo makusudi, ili siku bosi akitaka kumwachisha kazi akose wa kuyafumbua. Akachukua kalamu, akazifuatilia FNG zote moja moja. Zilikuwa thelathini na moja. Kwenye faili la safari, FNG ilikuwa funga. Kwenye faili la dharura, mkono wa mtu ukinaswa mlangoni, ilitakiwa iwe fungua. Lakini juu ya faili hilo Mkato alikuwa ameita orodha ya makro za safari, ambamo FNG ni funga. Kompyuta haikulalamika, kwake FNG ni FNG. Mkono ungenaswa, na mlango ungezidi kubana.

Alipomwonyesha, Mkato aliikodolea skrini macho, akisoma mistari yake mwenyewe kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Hapo mkaguzi akaelewa kwamba hakuwa anaficha kitu. Alikuwa hajui. Hilo likamtisha kuliko ujanja wote aliomdhania.

"Ni U moja tu, dada," akasema Mkato kwa sauti ndogo.

"Na ndiyo uliyoitupa. Sitii sahihi. Twende chini ukamweleze bosi mwenyewe."

Akabonyeza kitufe cha lifti ya ofisi, ambayo nayo iliendeshwa na programu ya Mkato ya mwaka juzi. Milango ikafunguka. Mkaguzi akaweka mguu mmoja ndani, akageuka. Mkato alikuwa ameshashika mlango wa ngazi.

"Tangulia tu," akasema bila kumtazama. "Mimi daktari kaniambia nifanye mazoezi."

Walikuwa ghorofa ya tisa. Mkaguzi akauchomoa mguu wake upesi, akamfuata.